Vishikio vya joto vya pikipiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ufungaji

Maswali haya yanamhusu anayetaka kufunga vishikio vya joto kwa mikono yake, na pia aliyekwisha kuvifunga kisha kimoja kikakataa kupata moto, betri ikaanza kuisha usiku au akseleta ikawa nzito. Tumeanza na vipimo na gundi, tukafuata umeme, kisha utafutaji wa hitilafu. Jambo moja tunaliweka mbele ya yote: kishikio cha kulia kinakaa juu ya akseleta. Kikifungwa vibaya, baridi ya vidole itakuwa shida ndogo kabisa.

Nitajuaje kama vishikio vitaingia kwenye usukani wangu?

Pima unene wa bomba la usukani upande wa kushoto, mahali kishikio kinapokaa. Pikipiki nyingi zina milimita 22. Zile nzito za kuendesha ukiwa umeegemea nyuma mara nyingi zina milimita 25.4, yaani inchi moja kamili. Vishikio vya saizi moja havitumiki kwenye nyingine, na gundi haiwezi kuziba tofauti hiyo.

Kisha pima urefu, kuanzia ukingo wa nyumba ya swichi (kasha lenye vitufe kando ya kishikio) hadi mwisho wa bomba. Vishikio huuzwa kwa urefu mbalimbali, wengi wakikuta kati ya milimita 115 na 130. Pima pande zote mbili, maana hazilingani kila mara. Ukikosa urefu kamili, chagua kilicho kifupi kidogo. Kifupi kitaacha pengo lisilodhuru kitu. Kirefu kitagusa nyumba ya swichi au uzito wa mwisho wa usukani, yaani kipande kizito kinachofungwa kwenye ncha ya bomba.

Je, naweza kukata kishikio kilicho kirefu?

Hapana, isipokuwa mtengenezaji ameweka alama inayoonyesha pa kukatia. Waya au utepe wa kupasha joto umezungushwa ndani ya mpira karibu urefu wote. Ukiukata, kishikio kimekufa, au kibaya zaidi, kinabaki na ncha iliyo wazi inayoweza kugusa bomba la chuma na kuunguza fyuzi.

Vishikio viwili vinafanana. Kipi ni cha kulia?

Chenye tundu pana. Cha kulia kinavaa juu ya mrija wa plastiki wa akseleta, kwa hiyo tundu lake ni kubwa kwa milimita kadhaa. Cha kushoto kinakaa moja kwa moja kwenye bomba.

Cha kulia hakiingii kwenye mrija wa akseleta. Nikilazimishe?

Usikilazimishe. Hili ndilo tatizo linaloongoza, na sababu yake huwa ni ileile: mrija uliotoka kiwandani una migongo au vinundu vilivyowekwa ili vishike mpira laini wa kishikio cha kawaida. Kishikio cha joto kina ganda gumu la plastiki kwa ndani, hakitanuki. Ukikipigilia kwa nyundo utapasua ganda, na ufa huo utakata njia ya umeme leo au baada ya mitetemo ya wiki chache.

Toa mrija kwenye usukani. Fungua skrubu za nyumba ya swichi, legeza kebo za akseleta, chomoa vichwa vya kebo kwenye mrija, kisha uvute nje. Ondoa migongo kwa tupa, malizia kwa msasa wa namba 120 na baadaye 240. Jaribu kila baada ya muda mfupi. Umefika pale kishikio kinapoingia kwa kusukumwa na mkono, kwa ukinzani kidogo, bila kucheza. Plastiki ya mrija ni nyembamba, hivyo ondoa migongo tu, usile mwili wake. Usiguse kabisa gurudumu dogo linaloshika kebo.

Mirija mingine ina ukingo uliosimama kwenye ncha ya nje, au ncha iliyozibwa. Ukingo huo ukatwe usawa na mrija. Ukimaliza, osha mrija kwa maji na sabuni, kausha, futa bomba la usukani, kisha urudishe. Unga wa plastiki ukibaki kati ya mrija na bomba, akseleta itakwaruza kila unapoizungusha. Usipake grisi nzito hapo. Hunasa vumbi na huganda kwenye baridi, na baridi ndiyo msimu wa kifaa hiki.

Kama unaogopa kuharibu mrija wa asili, nunua mwingine laini wa modeli yako na uweke wa zamani kabatini. Tunaona hiyo ndiyo njia bora kwa pikipiki ambayo huenda ukaiuza.

Pikipiki za kisasa zisizo na kebo, ambazo akseleta yake ni kihisio cha umeme, zinahitaji tahadhari zaidi. Katika baadhi yake mrija umeungana na kihisio, na hautolewi bila kufungua kihisio chenyewe. Soma kitabu cha ufundi cha modeli hiyo kabla ya kushika bisibisi.

Nitoeje vishikio vya zamani?

Kama huvihitaji tena, vichane kwa kisu kwa urefu na uvimenye. Upande wa kulia kata kwa kina kidogo kidogo, maana chini ya mpira kuna plastiki. Kama unataka kuvitunza, ingiza bisibisi nyembamba kati ya mpira na bomba, nyunyizia maji ya sabuni au spiriti, zungusha bisibisi kuzunguka bomba, kisha vuta huku ukisokota. Hewa ya kompresa ikipulizwa chini ya ukingo huvitoa kwa sekunde chache.

Nitumie gundi gani?

Mara nyingi pakiti huja na gundi yake, nayo huwa ya jamii ya supagluu. Inafaa, ila inashika haraka mno: ukishaianza huna nafasi ya kusahihisha. Epoksi inayovumilia joto inakupa dakika kadhaa za kurekebisha, lakini inahitaji kuachwa saa 24 kabla ya kupanda pikipiki. Gundi za mpira za kubandikia viatu hulainika kishikio kikipata moto, kisha kishikio huanza kuzunguka. Hizo ziepuke.

Kabla ya kufungua gundi, fanya haya kwa mpangilio:

1. Pima ukinzani wa kila kishikio kwa mita ya umeme. Jozi ya wati 36 kwa volti 12, iliyounganishwa sambamba (kila kimoja kikipata volti zote), huwa na takriban omu 8 kila kimoja. Viwili visipishane sana. Kisomo kisicho na mwisho maana yake waya umekatika ndani: kirudishe dukani sasa, kabla hakijabandikwa.
2. Viunganishe kwenye betri kupitia swichi yake na uhakikishe vyote vinapata joto.
3. Vivalishe vikavu bila gundi, geuza usukani hadi mwisho pande zote, zungusha akseleta yote. Ukiridhika na pembe ambayo waya unatokea, weka alama kwa kalamu kwenye kishikio na kwenye mrija.
4. Safisha bomba na mrija kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe.

Paka gundi kwenye bomba na mrija, karibu nusu ya urefu inatosha, kisha sukuma kwa mkupuo mmoja ukifuata alama. Upande wa kulia elekeza gundi katikati ya mrija, mbali na ncha zake. Gundi iliyotiririka hadi ndani ya mrija hugandisha akseleta kwenye usukani, na hapo dawa ni kuvunja kila kitu.

Baada ya kufunga, akseleta hairudi yenyewe. Kwa nini?

Usiiwashe pikipiki hadi sababu ijulikane. Zipo nne za kawaida, na unaweza kuzikagua kwa dakika kumi.

Kwanza, kishikio kimesukumwa hadi kikagusa nyumba ya swichi. Pawepo pengo la milimita 1 hadi 2. Pili, uzito wa mwisho wa usukani unabana ncha ya nje ya kishikio. Vishikio vya joto huwa virefu kidogo au vina ukingo mnene kuliko vya asili, hivyo uzito uliokuwa huru zamani sasa unasugua. Weka washa nyembamba (kiduara cha chuma chenye tundu) nyuma ya uzito hadi mwanga upite kati yake na kishikio. Tatu, waya wa kishikio unavuta kama springi au unakwama kwenye mkono wa breki. Nne, gundi au unga vimeingia ndani ya mrija.

Kipimo cha mwisho ni hiki: injini ikiwa imezimwa, fungua akseleta yote na uiachie. Irudi kwa kishindo, usukani ukiwa umenyooka, ukiwa kushoto kabisa, na ukiwa kulia kabisa. Halafu washa injini, iache ingurume bila kuivuta, geuza usukani tena pande zote. Mngurumo ukipanda popote, kuna kebo au waya unaovutwa. Rudia kipimo hiki vishikio vikiwa na moto wa juu kabisa, kwa sababu plastiki hutanuka kidogo.

Waya wa kulia upite wapi?

Upite mahali utakapoweza kujikunja bila kunyooka hata siku moja. Akseleta huzunguka karibu robo ya duara, na waya huzunguka nayo maelfu ya mara. Acha kitanzi kilegevu kati ya kishikio na mahali pa kwanza pa kuufunga. Usifunge waya karibu kabisa na unapotokea kwenye kishikio. Hapo ndipo hukatika. Usiuzungushe kwenye bomba la breki, wala usiupitishe kati ya usukani na shingo ya fremu mahali ambapo chuma hukutana na chuma.

Pikipiki yangu ina umeme wa kutosha?

Fanya hesabu kabla ya kununua. Jozi nyingi hutumia wati 30 hadi 50 kwenye moto wa juu, yaani ampea 2.5 hadi 4 hivi. Pikipiki kubwa za kusafiria huzalisha wati mia kadhaa na hazitahisi kitu. Pikipiki ndogo ni habari nyingine. Taa ya mbele ya halojeni peke yake hula wati 35 hadi 55, kisha kuna taa ya nyuma, mfumo wa kuwasha na pampu ya mafuta kama ipo.

Kipimo cha vitendo ni bora kuliko makadirio. Weka mita kwenye betri, washa injini, taa ya mbele na vishikio kwenye moto wa juu. Vuta hadi mizunguko ya mwendo wako wa kawaida. Ukiona volti 13.5 hadi 14.5, mfumo unachaji. Ukiona chini ya 13, umebeba zaidi ya uwezo, na safari ndefu ya usiku itaisha kwa kusukuma. Injini ikinguruma bila kuvutwa, volti kushuka hadi 12.5 hivi si ajabu. Kwenye foleni punguza moto au zima.

Kubadilisha taa ya mbele kuwa ya LED yenye kiwango huachia wati 20 hadi 40, na kwa pikipiki ndogo hiyo ndiyo njia safi ya kupata nafasi. Kuongeza betri kubwa hakusaidii. Betri hutunza umeme, haizalishi.

Angalia pia jambo hili kwenye pikipiki ndogo za zamani: kama taa ya mbele inang'aa zaidi unapovuta mafuta na kufifia unapoachia, huenda inalishwa moja kwa moja na umeme geu wa koili, bila kupitia betri. Usiunganishe vishikio kwenye waya huo. Volti yake hupanda na kushuka na itaua kidhibiti, yaani kile kifaa cha kuongeza na kupunguza moto wa vishikio.

Nichukue umeme wapi?

Kwenye betri, kupitia fyuzi na rilei (swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole). Ukiunganisha moja kwa moja bila rilei, siku utakayosahau kuzima ndiyo siku betri ya ampea-saa 10 itakapoisha kwa takriban saa tatu, na itakuwa imeshindwa kuwasha injini zamani kabla ya hapo. Ukiviunganisha kwenye waya mwembamba wa taa ya nyuma, waya huo utapata joto kuliko vishikio.

Rilei ya kawaida ya pini nne inatosha. Pini 30 inatoka kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi. Pini 87 inakwenda kwenye kidhibiti cha vishikio. Pini 86 inachukua ishara kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kwa mfano wa taa ya nyuma. Pini 85 inakwenda hasi. Rilei yenyewe hula sehemu ndogo tu ya ampea, kwa hiyo waya wa taa hauumii.

Hasi ya vishikio irudishe hadi kwenye betri. Kuifunga kwenye boliti ya usukani ni kutegemea umeme upite kwenye beringi za shingo zenye grisi na fremu yenye rangi. Itafanya kazi leo, kesho itasumbua.

Fyuzi ya ampea ngapi, na waya wa unene gani?

Kwa jozi ya wati 36, ampea 5. Kwa wati 50, ampea 7.5. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 15 hivi, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata. Waya wa milimita mraba 1 unatosha, 1.5 ni bora kama njia ni ndefu.

Pikipiki yangu ina kompyuta inayosimamia taa. Kuna hatari?

Ipo. Mifumo hiyo hupima mkondo wa kila taa, na ukiongeza mzigo inaweza kuonyesha hitilafu au kukata umeme wa tawi hilo. Tafuta soketi ya vifaa vya ziada ambayo watengenezaji wengi huiacha chini ya kiti au nyuma ya taa ya mbele. Angalia imeruhusiwa ampea ngapi: kama ni chache, itumie kuamsha rilei tu.

Fyuzi inakatika kila nikiwasha.

Chomoa vishikio vyote viwili. Fyuzi ikikatika bado, kosa liko kwenye waya au kidhibiti. Isipokatika, rudisha kimoja kimoja. Kinachoikata kipimwe kati ya waya wake na bomba la usukani: mita isionyeshe mguso wowote. Mara nyingi utakuta waya umebanwa na nyumba ya swichi ulipokuwa ukifunga skrubu. Usitatue kwa kuweka fyuzi kubwa.

Cha kushoto ni cha baridi kuliko cha kulia. Ni kibovu?

Huenda ni kizima kabisa. Cha kulia kimelala juu ya plastiki, ambayo inazuia joto lisitoroke. Cha kushoto kimegusa bomba la chuma, na bomba hilo hunyonya joto na kulipeleka usukani mzima. Bomba la alumini hunyonya zaidi kuliko la chuma cha pua. Watengenezaji wengine huongeza wati kidogo upande wa kushoto kufidia. Wengine hawafanyi hivyo.

Kabla ya kubandika, unaweza kuvalisha bomba la kushoto mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto, kama kishikio kina nafasi ya kuupokea. Tofauti huhisiwa. Kama vimekwisha kubandikwa, linganisha ukinzani wa viwili hivyo. Vikikaribiana, acha kutafuta ubovu.

Vyote viwili vinapata uvuguvugu tu.

Pima volti kwenye soketi ya kishikio, moto ukiwa juu na injini ikivutwa kidogo. Ukikuta volti moja pungufu ya ile ya betri, umepoteza karibu asilimia 14 ya joto njiani, kwa maana nguvu hufuata mraba wa volti. Tafuta kiungo kilichooza, waya mwembamba au hasi dhaifu. Zile klipu zinazotoboa ganda la waya ni watuhumiwa wa kwanza. Huruhusu maji, kisha shaba hugeuka kijani. Badala yake bana kwa viungo vya shaba vyenye ganda la kusinyaa, au unga kwa risasi.

Kosa jingine ni kuunganisha viwili kwa mfululizo badala ya sambamba. Kila kimoja kitapata nusu ya volti, na jozi ya wati 36 itatoa wati 9 tu.

Na kama umeme uko sawa? Basi ni upepo. Vikinga mikono vinavyozuia upepo mbele ya vidole huongeza joto kuliko wati kumi za ziada. Kagua na glavu: zenye pamba nene kiganjani huzuia joto lisikufikie. Chagua nyembamba kiganjani, nene mgongoni.

Joto linakuja na kukatika ninapozungusha akseleta.

Waya umevunjika ndani ya ganda lake, karibu na unapotokea kwenye kishikio cha kulia. Weka mita kwenye omu, zungusha akseleta taratibu, kisomo kitaruka. Kama pamebaki angalau sentimita 2 za waya mzima nje ya kishikio, kata, unga kwa risasi, funika kwa mpira wa kusinyaa, na urekebishe kitanzi kilichosababisha. Kama umekatikia ndani ya mpira, badilisha kishikio.

Mita inasoma volti za ajabu kwenye moto wa kati. Kidhibiti kimeharibika?

La. Vidhibiti vingi hukata na kuwasha umeme mara nyingi kwa sekunde, na mita ya kawaida huonyesha wastani, mfano volti 6. Pima kwenye moto wa juu kabisa, ambapo umeme hupita bila kukatwa.

Kidhibiti kinajizima chenyewe baada ya dakika chache.

Vingi vina kinga inayokata volti ya betri ikishuka, mara nyingi karibu na 11.5. Kama kinajizima wakati injini imewaka, mfumo wa kuchaji au kiungo cha njiani kina shida. Kwa betri ya lithiamu kinga hiyo huchelewa: betri hiyo ikifika volti 12.8 imekaribia kuisha, kwa hiyo usiitegemee.

Betri inalala usiku ingawa nilizima.

Chomoa hasi ya betri, weka mita ya ampea kati ya nguzo na waya, ufunguo ukiwa umetolewa. Miliampea chache za saa na kengele ya wizi ni kawaida. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 6 itaisha kwa siku tano. Ng'oa fyuzi ya vishikio ukiangalia mita. Kisomo kikishuka, kidhibiti kimeunganishwa upande wa betri wa rilei badala ya pini 87.

Naweza kuosha pikipiki kwa maji ya presha?

Osha, ila usielekeze bomba kwenye kidhibiti, soketi wala unapotokea waya wa kishikio. Soketi ziangalie chini, na waya ushuke kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo. Ndani ya soketi tia grisi ya silikoni ya umeme.